Minza, Mke wa Pili wa Luhende

Katibu wa ofisi yetu pale Buswelu ameniomba niandike kurasa chache za kuwatia moyo ninyi vijana mnaotumwa mwaka huu. Anataka habari za zamani: tulianzaje, tulipita wapi, Mungu alitutendea nini. Nimemwambia nitaandika, ila sikumwahidi kwamba nitatia mtu moyo. Nimekuwa mwinjilisti wa kanisa letu kwa miaka zaidi ya thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimefundisha wanawake. Vyeo nilivyopewa havina habari ndani yake. Habari ninayotaka muijue ni ya mwanamke mmoja aitwaye Minza, ambaye nilimtoa katika nyumba yake, nikamwachanisha na mtoto wake, ili mume wake apate kubatizwa. Mengine nitayasema njiani, maana mtu mzima akishapewa kalamu hanyamazi upesi.

Nimezaliwa na kukulia Igogo. Baba alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Sisi ni Wasukuma, lakini Wasukuma wa mjini: Kisukuma chetu kilikuwa cha jikoni na cha misibani, na ng'ombe niliwafahamu zaidi wakiwa wametundikwa buchani. Ofisini walinichukua kama mwenyeji wa Usukumani anayejua mila zote, nami sikuwasahihisha. Nilikuwa nahitaji kazi.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Kila kitu kilifunguliwa kwa mkupuo. Mitumba ilijaa sokoni, viwanda vya minofu ya sangara vikaota kando ya ziwa, na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuzunguka vijijini na mizani zao, kila mmoja akimsema vibaya mwenzake. Na makanisa nayo yakaja. Pale Igogo nimewahi kuona mikutano miwili ya injili katika uwanja mmoja wa mpira siku hiyo hiyo, mmoja kwenye goli hili na mwingine kwenye goli lile, vipaza sauti vimeelekezana. Waliookoka goli la kwanza Jumamosi waliokoka tena goli la pili Jumapili. Kila kanisa liliwaandika kuwa ni wake.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kipaza sauti cha mkono, betri zake, daftari la majina, baiskeli, na ubao wa flaneli wenye picha za kubandika. Vijana wa leo mna simu, hamuujui ubao wa flaneli. Ni ubao uliofunikwa kitambaa chenye manyoya, na watu wa Biblia wamekatwa kwenye karatasi yenye manyoya nyuma, unawabandika mmoja mmoja huku unasimulia. Adui yake ni upepo wa ziwani. Siku ile Goliathi alianguka kabla Daudi hajaokota jiwe, na watoto wakashangilia sana. Tangu hapo nilikuwa nabeba pini. Baadhi ya picha zilikuwa zimekwisha kupotea kabla sijakabidhiwa. Nilikuwa na Ibrahimu na Sara na Isaka, Hajiri hakuwepo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Festo, Mhaya wa Kagera, mwinjilisti tangu ujana wake. Alikuwa mrefu, mkimya, suruali imebanwa na pini ya nguo ili isiingie kwenye mnyororo wa baiskeli. Tulikuwa tunakwenda naye vijiji vya mbele ya Kisesa, upande wa Bujora. Akifika kwenye mji wa mtu, yaani nyumbani kwake, hakugusa kitabu. Aliegemeza baiskeli, akaamkia, akauliza nani mgonjwa, nani kafiwa, mvua imenyesha kiasi gani. Mara nyingine tuliondoka bila yeye kulitaja jina la Yesu hata mara moja, na mimi nilirudi Igogo nimekasirika, kwa sababu kwenye ripoti sikuwa na cha kuandika.

Mzee Festo alikuwa na benchi la nyuma kanisani aliloliita la wasikilizaji. Hapo walikaa wanaume wenye wake wawili au watatu na wake zao, watu wanaopenda neno lakini sheria ya kanisa letu haikuruhusu wabatizwe. Wengine walikuwa wamekaa hapo miaka kumi. Majina yao aliyaandika kwenye daftari lake mwenyewe, kwa sababu kwenye fomu za ofisi hapakuwa na mahali pa kuwaweka. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawasukumi watu wale wachukue uamuzi.

"Binti yangu," akasema, "huyu ana wake wawili. Nikimwambia amwache mmoja, nitakuwa nimemwingilia nyumbani kwake kumchagulia. Mimi nakaa naye tu. Akifa nitamzika kwa sala."

"Na ubatizo, mzee?"

"Mungu ana maji yake."

Nilimwona mzee aliyechoka. Kusema kweli nilimwona mvivu. Alipostaafu akarudi kwao Kagera, eneo lake nikapewa mimi, na jambo la kwanza nililofanya ni kuliondoa lile benchi la nyuma.

Mchungaji wetu wakati huo alikuwa mzungu. Alifika siku ya mvua kubwa baada ya ukame, kwa hiyo wanakijiji wakamwita Mabula, jina la mtu aliyekuja na mvua, na nadhani lilimfurahisha kuliko jina lake la kuzaliwa. Ninyi mmezoea kusikia kwamba makosa ya zamani yalikuwa ya wazungu. Ningependa iwe hivyo, ningelala vizuri. Mchungaji Mabula alikuwa mtu mpole, aliyekula ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, bila kukunja uso. Alichokuwa nacho kibaya ni fomu. Kila baada ya miezi mitatu alituma kwao idadi ya waliosikia, waliookoka na waliobatizwa, pamoja na picha, kwa watu waliokuwa wanatuombea na kutuchangia. Safu ya waliosikia ilikuwa ndefu, ya waliookoka ndefu vilevile kwa sababu ya yale magoli mawili, ila ya waliobatizwa ilikuwa fupi. Hilo lilinikera mimi kuliko lilivyomkera yeye.

Minza nilimpata mchana mmoja kwenye kituo cha kununulia pamba, mbele ya Kisesa. Watu walikuwa kwenye foleni ya mizani, hawana pa kukimbilia, na mwinjilisti hawezi kupata mkutano mzuri kuliko huo. Nilipomaliza, mwanamke mmoja wa umri wa karibu na wangu alinifuata. Hakuniuliza habari za mbinguni. Alinyoosha kidole kwenye Biblia.

"Hicho kitabu, Mwalimu, mtu akijua kusoma anaweza kukisoma peke yake, au mpaka wewe uwepo?"

"Anaweza peke yake."

"Basi nifundishe kusoma."

Alikuwa mke wa pili wa Luhende, mkulima wa pamba na mfugaji, mtu aliyesikilizwa pale kijijini. Mke wa kwanza aliitwa Ngolo, mtu mzima kidogo, mcheshi, aliyewazaa watoto wake wote kabla Minza hajaja. Minza alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, msichana wa miaka mitano aitwaye Holo. Wake wale wawili walisikizana. Ngolo alimlea Holo kama mjukuu, na Minza alimchotea Ngolo maji kwa sababu magoti yake yalikuwa mabovu.

Sijapata mwanafunzi kama Minza. Alisoma herufi kwa mkaa ukutani. Kabla pamba ya mwaka uliofuata haijafunguka alikuwa anasoma Injili ya Marko, polepole, kidole chini ya mstari, na akifika kwenye jambo asilolielewa alinikalia kooni hadi nieleze. Akawakusanya wanawake wa jirani nyumbani kwake kila Jumatano. Ngolo alikuja kwa adabu tu, kisha akabaki. Mwisho akaja Luhende mwenyewe, akasimama mlangoni siku kadhaa, halafu akakaa. Minza ndiye aliyemleta. Alikuwa anamsomea jioni baada ya kula, na Luhende, ambaye hakujua kusoma, aliona ajabu kwamba mke wake anaongea na watu wa zamani.

Luhende alipotangaza kwamba anataka kubatizwa, ofisi nzima ilifurahi. Mtu kama yule akiingia, nusu ya kijiji inaingia. Watu wanane walijiandikisha nyuma yake na wote walikuwa wanamwangalia yeye. Ikabaki ile sheria: mke mmoja, naye awe wa kwanza.

Nilimweleza nikiwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake.

"Abaki wa kwanza," akarudia. "Lakini Mwalimu, aliyenileta kwa Yesu ni wa pili."

"Najua, mzee. Ndiyo sheria."

Akakuna mkono. "Wewe unasema ni vizuri?"

Nilisema ni vizuri.

Mchungaji Mabula alikuwa na wasiwasi, hilo nataka mlijue. Aliniita ofisini akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kupimapima, "Huyu mama wa pili atakwenda wapi?" Nikamjibu, "Kwao, Mchungaji. Ana kaka yake. Kwa mila zetu hakuna shida." Akanishukuru. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye mwenyeji. Kama ningemjibu kwamba sijui, nadhani angesubiri, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusubiri. Sentensi zangu zile ziliimaliza kesi.

Kumwambia Minza niliachiwa mimi, kwa kuwa ni mwanamke mwenzake. Nilimkuta jikoni kwake akichambua mlenda, Holo kakaa kwenye mkeka. Nikaeleza. Hakulia, na hilo nililihesabu kuwa ni neema.

"Kwa hiyo mimi nikiondoka, yeye anabatizwa."

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Utabatizwa hukohuko utakakokwenda."

"Na Holo?"

Nikamjibu alichokuwa anakijua. Ng'ombe wa mahari walikwisha kutolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba yake.

Minza aliweka mlenda chini. "Uliniambia Yesu aliita watoto waje kwake," akasema. "Hukuniambia anawaita bila mama zao."

Nikafungua Biblia, nikamsomea mahali panaposema juu ya kuacha nyumba na watoto kwa ajili ya Bwana. Nilikuwa na mstari kwa kila jambo miaka ile. Alichukua kitabu mikononi mwangu, akausoma ule mstari mwenyewe, kidole chini yake, polepole, kuhakikisha kwamba sikuuongeza. Ulikuwepo. Akanirudishia kitabu. Aliondoka baada ya siku tatu na sanduku la bati kichwani. Ngolo alilia hadi akashikiliwa.

Sasa nafika kwenye kosa ambalo mzungu asingeweza kulifanya, na Msukuma wa kijijini asingelifanya pia. Lilihitaji Msukuma wa Igogo.

Kwa mila, mume akimrudisha mke kwao, huenda kudai ng'ombe wake. Wazee wa pande mbili wanakaa, wanabishana, wanahesabu ndama waliozaliwa, wanatukanana kidogo, na jambo linakwisha hadharani. Luhende alikuja kuniuliza afanyeje. Kaka yake Minza alikuwa amekwisha kuoa kwa ng'ombe walewale. Nikaona nafasi ya kuonyesha upendo wa Kikristo. Nikamwambia asidai hata mmoja, amwachie yote shemeji yake, iwe ushuhuda kwa kijiji. Luhende alisitasita, lakini mimi ndiye mwalimu. Niliandika jambo hilo kwenye ripoti ya robo mwaka kwa maneno mazuri sana.

Ni Ngolo aliyenieleza baadaye nilichokifanya, na alinieleza kwa upole kama anavyoelezwa mgeni.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa mjini. Mwanamume akimrudisha mke bila kosa, na ng'ombe hawadai, watu watauliza anaogopa nini. Hakuna mtu anayeacha ng'ombe wake hivihivi. Labda kama mke mwenyewe ni mtu wa kuogopwa."

Ile huruma yangu ndiyo iliyomtia Minza doa. Laiti Luhende angekwenda na wazee wake akagombana kwa sauti, Minza angekuwa mke aliyeachwa, basi, kama wengine. Sasa akawa mwanamke ambaye mume wake anamkimbia hadi anaacha mali. Ndama wa kaka yake akafa. Wifi yake akapata homa. Watu wakaanza kuyatazama macho yake, ambayo yalikuwa mekundu kama ya kila mwanamke anayepikia samadi. Ninyi mnajua katika miaka ile neno la uchawi liliishia wapi huku kwetu: kwenye mapanga. Kaka yake hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, "Dada yangu, ondoka kabla hawajaja, mimi sitaweza kuwazuia." Minza akashuka ziwani, Igombe, mahali ambapo watu wanatoka kila upande na hakuna anayemuuliza mwenzake alikotoka. Akaanza kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu.

Luhende alibatizwa kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, yeye na Ngolo na wale wanane, na wengine wengi wakafuata. Akachagua jina la Ibrahimu. Mchungaji Mabula alipiga picha. Ninayo hadi leo, nimesimama kando nimeshika taulo, na uso wangu una furaha ya kweli. Sikuwa nadanganya siku ile. Hilo ndilo linalonisumbua nikiitazama.

Halafu kuna jambo la Holo. Alikuwa anakuja kwangu shule ya Jumapili. Siku moja watoto walikuwa wanamwambia mama yake ni mchawi, naye akanifuata mbele ya wenzake, akaniuliza mama yake alikwenda wapi na kwa nini. Nilitaka kumkinga na neno lile la uchawi. Nikatafuta la kumjibu kwa haraka, nikamwambia, "Mama yako hakutaka kumfuata Yesu. Ndiyo maana aliondoka. Wewe mwombee." Watoto wakaacha kumdhihaki. Yeye akaondoka na jawabu lake.

Nilijiambia nitamrekebisha akikua.

Minza alikuja Igogo mara moja, yapata miaka miwili baadaye. Alivaa kitenge safi na alikuwa ananukia samaki. Alitaka barua ya utambulisho, ili kanisa letu la Igombe limwingize kwenye darasa la ubatizo. Niliijaza fomu mbele yake. Ilikuwa na mahali pa hali ya ndoa, nikaandika, "Ameachika." Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo fomu ilivyotaka. Kwa neno hilo wazee wa Igombe walimweka pembeni hadi uchunguzi ufanyike, na uchunguzi ungefanywa na mwinjilisti wa eneo alikotoka, yaani mimi. Barua yao ilikuja. Niliiweka kwenye faili. Kuijibu kungekuwa kuandika kwamba aliachwa bila kosa kwa amri yetu, na wakati huo Ibrahimu Luhende alikuwa mzee wa kanisa, na wafadhili walikuwa wanakuja kumtembelea.

Alipokuwa anaondoka siku ile aliuliza kama Holo anasoma. Nikasema anasoma vizuri.

"Mlete siku moja," akasema. "Si kwa Luhende, kule sithubutu kukanyaga. Hapa kwako tu. Nimwone, nimsuke, aende zake."

"Nitamleta."

"Wabeja, Mwalimu," akanishukuru.

Sikumleta. Kila mwaka palikuwa na sababu. Nilihofia mtoto atarudi kijijini akisema amemwona mama yake na maneno yataanza upya. Nilihofia Luhende ataudhika. Zaidi ya yote nilihofia yule mtoto atamuuliza mama yake kwa nini hakutaka kumfuata Yesu, na Minza atajibu.

Mchungaji Mabula alirudi kwao. Luhende akafariki, kisha Ngolo, ambaye nilimwomba asimwambie Holo ukweli naye akanyamaza kwa kuniheshimu. Holo akasoma, akaokoka kwa moyo wake wote, akaingia chuo cha Biblia, akawa mwinjilisti. Wengi wenu mnamfahamu, mmekaa naye darasa moja. Mwaka huu yumo katika orodha ya wanaotumwa mbali, kwa wafugaji ambao hawajawahi kuwa na kanisa.

Kwenye ibada ya kuwaaga alitoa ushuhuda, na mlikuwepo. Alisema, "Mama yangu alimkataa Yesu akaniacha nikiwa na miaka mitano, lakini Bwana hakuniacha." Mlipiga makofi. Na mimi nilipiga. Niliisikia mikono yangu ikipiga makofi na nikashindwa kuizuia.

Katika miaka yangu ya kazi nimeulizwa mara nyingi, na majirani Waislamu wa Igogo, na wanafunzi wa vyuo, na wazee wa kijijini waliotaka kuachiwa mizimu yao kwa amani, kama dini ina haki ya kutuma watu kwenda kuwageuza wengine. Nilikuwa na jibu tayari: mwenye maji hamnyimi mwenye kiu. Ni jibu zuri na sasa linanishinda kulitamka. Sisemi tusiende. Kama asingekwenda mtu, Minza asingejua kusoma, na sijui kama mimi mwenyewe ningemjua Mungu ninayemwomba. Lakini nilikwenda kwa watu nikiwa na hakika ya kila kitu na sijui hata ng'ombe wao wanasema nini. Mzee Festo alijua kidogo kuliko mimi, au alikubali kwamba anajua kidogo, na katika miji yote aliyopita sijasikia mama mmoja aliyetengwa na mwanawe kwa ajili yake. Nililiondoa benchi lake na sijalirudisha. Hilo ni la kwenu sasa.

Wiki moja baada ya ibada ile nilimwita Holo nyumbani. Alikuja mchana, akaniamkia, nikampa chai. Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi, ila yeye nilimweleza vibaya zaidi, nikirukaruka na kurudi nyuma. Hakunikatisha. Chai ikapoa.

"Kwa hiyo alitaka kubatizwa," akasema mwishoni.

"Kabla ya watu wote wa pale."

"Na hajabatizwa."

"Sijui. Sikujibu barua yao."

Akazungusha kikombe juu ya meza. Nilitegemea atanitukana, na ingekuwa nafuu. Akauliza, "Mwalimu, huko ninakotumwa wana wake wengi. Wakiniuliza yupi aondoke, niwaambie nini?"

Nilimwambia sijui. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu mtu hivyo tangu nilipoajiriwa.

"Nipeleke," akasema.

Igombe tulifika asubuhi, wakati mapanki yanaletwa kutoka viwandani na wanawake wamekwisha kuwasha moto. Tukauliza Minza anayekaanga, tukaonyeshwa banda la mabati karibu na maji. Alikuwa ameinama juu ya karai la mafuta, mwembamba, kilemba kichwani. Nilibaki nyuma hatua chache. Holo akasogea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Minza akasema bila kuinua macho, kama anavyowajibu wateja wote wa rika lile. "Unataka ya shilingi ngapi?"

Minza akainua uso kumwangalia mteja huyu asiyejibu, kisha akaniona mimi nyuma yake. Nina miwani sasa na mvi, lakini alinijua palepale.

"Mwalimu," akasema.

"Nimekuletea," nikasema.

Akamgeukia Holo. Alimtazama paji la uso, masikio, mikono. Hakumwuliza jina. Aliyageuza kwanza mapanki yaliyokuwa kwenye karai yasiungue, akafuta mikono kwenye kanga, kisha akanyoosha mkono na kunikabidhi mwiko.

"Shika. Usiyaache yaungue, ndiyo chakula changu."

Akamshika Holo kiganja wakaingia ndani, pazia likashuka nyuma yao. Nilisikia sauti zao, Kisukuma, chini chini, wakipokezana, halafu sauti moja ikilia, na sikujua ni ya nani. Maisha yangu yote nimewaeleza watu maana ya maneno. Pale hakuna aliyenihitaji nieleze kitu. Nilisimama kwenye moshi nikigeuza mapanki, machozi yananitoka, na nisingeweza kusema kwamba ni moshi peke yake.

Akaja mama mmoja na bakuli lake, mteja wa kila siku, nikaona anashangaa kumkuta mtu mgeni kwenye karai. Nilimpimia kadiri nilivyoweza.

"Wewe ni ndugu yake Minza?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemnyang'anya mtoto."

Alinitazama. Kisha akachukua bakuli lake, akaweka hela juu ya sanduku la bati pale mlangoni, mbali na mkono wangu, akaenda zake.